Banda la Kura

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 2025, asubuhi shule zilipofunguliwa, Mzee Shimba alipanda kilima cha mawe pale Igogo, Mwanza, akiwa amemshika mkono mjukuu wake Odeta, akakuta kufuli kwenye mlango alioupachika mwenyewe. Wala halikuwa kufuli la kuokota. Lilikuwa jipya, la rangi ya dhahabu, linang'aa kama jino la kubandika. Siku hiyo ndiyo mambo yalipoharibika, na anayesema yamekwisha kutengemaa, huyo haishi Igogo.

Odeta alikuwa na miaka mitano. Alikuwa kavaa sare mpya, sketi ya bluu iliyomfika kwenye vifundo vya miguu kwa vile fundi cherehani alisema mtoto ataikulia, na mkononi kashika kikombe chake cha uji, cha plastiki.

"Babu, mbona wamefunga?"

"Wamesahau kufungua."

"Wamesahau na kufuli?"

Shimba akakohoa. Kina mama walikuwa wamekwisha kufika na watoto wao. Gladness, binti aliyemaliza kidato cha nne ambaye ndiye aliyewafundisha watoto hao kwa kujitolea, alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono kifuani. Ndipo akatokea Josephat, mtendaji wa mtaa, anapanda huku anahema kama aliyefukuzwa na mbwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leta ufunguo."

"Mzee wangu, tulia kwanza."

"Nimetulia. Ningekuwa sijatulia ungeshashuka hili jiwe bila kutumia miguu."

Kina mama wakacheka. Josephat naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeangalia pa kukimbilia.

"Ni maelekezo kutoka juu, mzee."

"Juu wapi? Juu ya hapa kuna pimbi tu."

Na kweli, juu yao kwenye majabali pimbi wawili walikuwa wameketi wakiota jua, wanawatazama kama wajumbe wa kikao. Watu wakacheka zaidi. Lakini kufuli halikucheka.

Josephat akaeleza. Darasa la awali la serikali, yaani lile la watoto ambao bado mwaka mmoja waingie la kwanza, lina vigezo vyake. Kituo chao hicho cha mlimani kilikuwa kinaombewa kiwe shikizi, tawi dogo la shule ya msingi iliyoko chini, ili kipate mwalimu wa serikali. Wakubwa wameangalia, wameona hakikukidhi vigezo. Kwa hiyo kifungwe, na watoto wote waende shule kubwa.

"Nani kaangalia?" Shimba akauliza. "Mimi nashinda hapa, sijaona mgeni."

"Picha zilitumwa, mzee."

"Kazipiga nani?"

"Mimi. Niliagizwa."

"Kwa simu yako hiyo yenye kioo kilichopasuka?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Basi wameona ule ufa, wakasema ni wa ukuta wangu."

Asijue alivyokuwa karibu na ukweli.

Darasa lile lilianza barazani kwake, enzi za mke wake Sabina. Sabina alikuwa mtu wa Nansio, kule Ukerewe, kalelewa na masista, kafika la saba lile la zamani lenye maana. Mama zao wakishuka alfajiri kwenda kununua dagaa, watoto wa mlimani walibaki wanazagaa kwenye mawe. Sabina akawaita barazani. Akawafundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, kuimba, kunawa mikono, na kusema shikamoo bila kuinamisha uso kama waliokosa. Wakati huo hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kuuliza habari ya vigezo.

Mumewe naye alikuwa mwanafunzi wake, ila hakuandikishwa. Shimba alitoka kwao Usukumani na darasa la tatu na nyundo ya kupasulia mawe, na ulimi wake haukuwahi kuipenda R. Alisema habali, alisema balabala, alisema sirikari kwa maana hiyo nayo ilimchanganya pande zote mbili. Sabina hakumwacha.

"Habari, baba Hellen. R. R kama redio."

"Ledio yenyewe haina betli."

"Haya, endelea. Siku moja utaandika jina la mtoto wa watu na L, nije nikukane mbele ya kanisa."

Hellen ndiye binti yao, mama yake Odeta, ambaye biashara ya dagaa ilimpeleka Nansio na kumrudisha Mwanza mara chache. Mtoto akabaki kwa bibi na babu. Halafu akabaki kwa babu. Sabina alifia kwenye benchi la hospitali, presha imempanda, wanaambiwa mtaalamu yuko semina. Tangu siku hiyo neno semina likitajwa redioni, Shimba huizima.

Baada ya msiba alijenga. Wazazi walipandisha mchanga na saruji kwa vichwa vyao, yeye akapanga mawe, maana kazi yake ndiyo hiyo: misingi na kuta nyingi za kilima kile kazisimamisha yeye. Akajenga darasa, akajenga choo chenye matundu madogo kama Sabina alivyokuwa akisema siku zote, na pembeni akajenga banda lenye mabenchi mafupi ambapo watoto wangekaa wapate uji na viazi. Diwani alikuja siku ya kupaua, akala nyama, akaahidi mwalimu, akashuka.

Maandishi aliyachora Shimba kwa rangi ya kijani. Juu ya mlango wa kwanza aliandika DARASA LA AWALI, maneno aliyoyanakili kutoka ukuta wa shule kubwa. Kwa lile banda hapakuwa na pa kunakili. Alisimama na brashi muda mrefu, anamfikiria marehemu, kisha akaandika maneno matatu kutoka kichwani. Akarudi nyuma akayatazama. Akaona Sabina angefurahi.

Basi sasa, kufuli limepigwa, watoto wakashuka. Kwenda shule kubwa unateremka mawe, unavuka reli, unavuka lami. Shimba alimpeleka Odeta mwenyewe. Akachungulia darasa la awali la pale chini: watoto wamejazana sakafuni kama dagaa kwenye chanja, wengine wanalia, wengine wamelala, na mbele yao mwalimu mmoja, Jovina, sauti imemkauka na shule hata hazijamaliza wiki.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mlangoni. "Usinitazame hivyo. Mimi awali nimeisomea, nina diploma yake kabisa. Lakini nikimshika huyu, yule anatoka nje. Nikimfuata yule, huku wanapigana. Huyu wako anaitwa nani?"

"Odeta."

"Karibu, Odeta. Kaa hapo karibu na mlango."

Siku ya tatu bado alikuwa akimwita Odilia. Shimba hakumlaumu. Aliwalaumu waliomweka pale peke yake.

Lakini kilichomkata maini Shimba ni kingine. Jioni moja Odeta alirudi sketi imelowa, anatembea miguu kando kando, hasemi. Mtoto ambaye zamani alikuwa akipanda mlima anahesabu kila ngazi kwa sauti, na akikosea anaanza upya! Babu yake akamwogesha, akamfunga khanga ya bibi yake, akamuuliza taratibu.

"Lile shimo kubwa, babu."

"Shimo gani?"

"La choo. La wakubwa. Linapiga kelele chini."

"Mwalimu hakukushika mkono?"

"Mwalimu ana wengine."

Kesho yake kiatu kimoja hakionekani. Walitafuta uvunguni, kwenye pipa la maji, kila mahali. Mwishowe Odeta akasema kampa pimbi, naye pimbi kakataa kurudisha. Shimba alikikuta nyuma ya lile darasa lililofungwa, kwenye ufa wa jabali, mahali pa hatari ambapo mtu mzima mwenyewe anakwenda kwa kutambaa. Alikitoa, akakaa nacho mkononi. Mtoto huyu hatakwenda tena shule, alijiambia. Wataniharibia mtoto. Wamenimalizia Sabina, sasa wanakuja kwa mjukuu.

Akavaa koti lake la harusi, akashuka mjini Nyamagana, kwenye ofisi ya wathibiti ubora, wale wanaopita kukagua kama shule ni shule kweli. Alikaa kwenye benchi. Mabenchi ya ofisi alikuwa anayajua. Mwishowe akaitwa kwa bwana mmoja Mhaya, Muganyizi, mwenye miwani na sauti ya upole inayokera.

"Shikamoo mzee. Karibu, keti."

"Ninyi ndio mliofunga darasa la mke wangu?"

"Mke wako ni mwalimu?"

"Mke wangu ni marehemu."

Muganyizi akaweka kalamu chini. "Pole sana, mzee."

"Ningeshukuru kama pole ingefungua kufuli."

Bernadetta, karani aliyekuwa anachapa kwenye meza ya pembeni, akaacha kuchapa asikilize. Muganyizi akageukia kompyuta yake, akatafuta, akapata.

"Nimekumbuka. Kituo cha mlimani. Kwanza, mzee, kona za ujifunzaji hazikuonekana."

"Kona? Darasa lina kona nne. Mimi fundi, sijawahi kujenga la duara."

Bernadetta akaguna kicheko. Muganyizi akafafanua kwa uvumilivu: kona za ujifunzaji ni sehemu za kuchezea zilizopangwa humo darasani, hapa vitu vya kuhesabia, pale vitabu vya picha, pale duka la kuigiza.

"Vizibo vipo. Vya Sabina. Vimo kwenye debe."

"Debe halikupigwa picha. Pili, na hili ndilo kubwa: watoto hawana mahali pa kupatia chakula. Ukiacha choo, majengo ni mawili tu, darasa, na lile la uchaguzi. Na kituo cha kupigia kura, mzee, hatuwezi kukikubali ndani ya eneo la watoto wa awali. Siku ya uchaguzi watoto wataenda wapi?"

"Uchaguzi gani? Mimi sijajenga la uchaguzi."

"Hili hapa." Akamgeuzia kompyuta. "Limeandikwa wazi."

Shimba akaona kazi ya mikono yake, mawe yake, herufi zake za kijani.

"Lisome," akasema.

"Banda la kura."

"Ee. La kura. Si ndiyo? Watoto wanakura humo. Uji, viazi, wanakura."

Bernadetta akainama chini ya meza kama aliyeangusha kitu, mabega yanatikisika. Muganyizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzee, ulikuwa na maana ya kula? Kula, kwa mdomo?"

"Kwani watu wanakura kwa wapi?"

Hapo ndipo Muganyizi aliposhindwa naye akacheka, lakini alicheka kwa adabu, kauficha mdomo. Akachukua karatasi, akaandika neno moja kwa R na jingine kwa L, akaonyesha kwa kidole.

Shimba akayatazama. Polepole likamwingia. Siku ile na brashi mkononi, ulimi wake ulimwambia L. Ulimi ulikuwa umesema kweli, walau mara moja maishani. Yeye akakataa, akasema hapana, Sabina alikuwa akinirekebisha kila siku, ukisikia L ujue ni R, R kama redio. Akaweka R kwa heshima yake.

Hakuona aibu ya kuchekwa. Alichoona ni kwamba hili lilikuwa jambo la kupeleka nyumbani. Angelifikisha mlangoni, angelisimulia kabla ya kuvua viatu, na Sabina angecheka mpaka atue sufuria chini. Sasa alilibeba peke yake, hana wa kumpa.

"Mngepanda mngeona vikombe vimetundikwa," akasema, sauti imepungua. "Kura ya nani inapigwa kwa kikombe?"

"Gari halifiki kule, mzee."

"Watoto wanafika."

Muganyizi akatazama kalenda ukutani. Kisha akasema, "Alhamisi nitapanda."

Shimba hakuamini, na alikuwa na sababu zake. Lakini Alhamisi bwana akapanda. Viatu vyake vya kung'aa viliteleza, Josephat akamvuta mkono, pimbi wakamkimbia. Mlango ukafunguliwa. Muganyizi akatazama vikombe kwenye misumari, kila kimoja na alama yake ya rangi. Akamimina vizibo vya Sabina mezani, akavipanga vinne vinne kama aliyesahau kwamba anatazamwa. Akaingia chooni, akachuchumaa akayatazama matundu madogo.

"Vyoo hivi," alisema alipotoka, "ni vizuri kuliko..." Akamwona Josephat, akakata.

Kisha akazunguka nyuma ya darasa, pale jabali linapokatika na chini unaona mabati ya nyumba za watu, na mbele ziwa.

"Uzio uko wapi, mzee?"

"Watoto hawaji huku. Wanaogopa."

"Wote?"

Shimba alikumbuka kiatu kwenye ufa. Mkono ulioweka kiatu pale ulikuwa mdogo, na ulifika.

"Na mwalimu," Muganyizi akaendelea, kwa upole ule ule. "Binti ana moyo, nimeongea naye. Lakini hakufundishwa kufundisha. Mtoto wa mlimani naye anastahili mwalimu aliyesomea, si ndivyo?"

Shimba aliona ni kweli, na hilo lilimuudhi kuliko kutukanwa.

"Uzio nitajenga," akasema. "Mawe haya hapa. Kula nitaiandika upya. Haya, huyo mwalimu aliyesomea, mleteni."

"Mwalimu hupelekwa kwenye kituo kilichokidhi vigezo."

"Na hiki kwa nini hakijakidhi?"

"Pamoja na mengine, hakina mwalimu."

"Umejisikia ulivyosema?"

"Nimejisikia, mzee. Ndio utaratibu ulivyo. Si mimi niliyeutunga."

Hakuna anayeutunga. Kila ukimkamata mmoja, anakuonyesha mwingine juu yake, na ukipanda kwa huyo naye anaonyesha juu. Shimba alitoa mfukoni timazi yake, kile kipande cha chuma kwenye kamba anachopimia kama ukuta umenyooka. Alikuwa nayo kwa mazoea tu. Akaiacha ininginie mkononi huku anafikiri.

"Kule shule kubwa mlipima?"

"Tulipima. Mwaka jana."

"Kwa vigezo hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Choo cha awali mlikikuta?"

Muganyizi akatazama ziwa. Josephat naye akalitazama, kana kwamba kuna meli ya Nansio inaingia.

"Tulikuta upungufu," Muganyizi akasema.

"Watoto wale mwalimu mmoja?"

"Huo pia ni upungufu."

"Mkafanya nini?"

"Tuliandika mapendekezo."

Timazi ikatulia, kamba imenyooka. Shimba akaikunja polepole, akairudisha mfukoni, kisha akauliza lile swali analouliza mpaka leo. Hakupaza sauti. Gladness alikuwepo na aliwasimulia watu baadaye kwamba mzee aliuliza kama anayeuliza njia.

Wengine wanasema Muganyizi alitaka kujibu. Mwishowe akasema, "Swali lako limepokelewa, mzee wangu," akampa mkono, akashuka. Josephat alibaki nyuma kidogo, akafunga kufuli. "Samahani, mzee," alisema, na alionekana kumaanisha. Lakini alifunga.

Uzio umekwisha siku nyingi. Wa mawe, unamfika mtu kifuani, na ule ufa wa jabali kauziba. R aliikwangua, akapaka, akaandika L, ila jua likipiga kwa upande ile R bado inaonekana chini ya rangi, na Shimba hajajisumbua kuipaka tena. Kila asubuhi anashuka na Odeta, wanavuka reli, wanavuka lami. Kabla kengele haijagongwa anampeleka chooni, anasimama mlangoni kamshika mikono yote miwili, mtoto amefumba macho, wanahesabu pamoja kwa sauti mpaka amalize. Watoto wengine wameanza kupanga foleni nyuma yake. Na wao wanataka kushikwa mikono.

Halafu anapanda kurudi, na kwa kila mkubwa anayekutana naye njiani, awe mtendaji, awe diwani, awe mgeni wa kikao cha kata, anauliza swali lile lile. Wote hulipokea vizuri. Wengine wanaliandika.

"Babu, wamejibu?" Odeta humuuliza jioni.

"Bado."

"Uliwauliza vizuri?"

"Niliuliza hivi: kama kipimo ni kimoja, mbona wao walipata mapendekezo, sisi tukapata kufuli?"